Kompyuta mpya: feni zinazunguka, taa zinawaka, ekra inaandika "Aucun signal"

studio_ya_katuba | Lubumbashi | Jumatatu, saa 3 usiku

Jambo yenu bakubwa na badogo.

Kazi yangu ni video za harusi, na mara moja moja za matanga. Miaka minne nimekata video kwa laptopu inayohema kama msukuma baiskeli ya makaa. Mwaka huu nikasema imetosha. Nikaweka franga kidogo kidogo, nikanunua vipande kimoja kimoja. Prosesa ni Ryzen 5 5600, binamu yangu aliniletea kutoka Dubai, boksi bado limefungwa. Madabodi ni B450M, nilinunua hapa mjini, na muuzaji alinihakikishia ni mpya. RAM ni vijiti viwili vya GB 8, DDR4. Pawa saplai ya wati 550, mpya. SSD, mpya. Kitu kimoja tu ndicho kilichotumika kabla yangu: kadi ya grafiki, RX 580 ya GB 8, ilipita mpakani Kasumbalesa ndani ya begi la nguo.

Jana tumeunganisha vyote mimi na mdogo wangu, tukifuata video kwenye simu. Tukabonyeza. Feni zinazunguka, RAM zinang'aa rangi kama kanisa siku ya Noeli, feni mbili za kadi nazo zinazunguka. Ekra inaamka, inaandika "Aucun signal" (yaani hakuna picha inayoifikia), inalala. Nimebadilisha kable ya HDMI, ni yaleyale. Nimezima na kuwasha mpaka kidole kimechoka, ni yaleyale.

Jumamosi niko na harusi, na bwana harusi ameshalipa nusu. Nianzie wapi?

mwana_wa_birere | Goma | Jumatatu, saa 3 na dakika 20

Kaka, kabla ya yote: hiyo HDMI umeichomeka wapi? Nyuma ya kompyuta kuna matundu ya madabodi, yako juu karibu na USB. Halafu kuna matundu ya kadi ya grafiki, yako chini, yamelala. Ryzen 5 5600 haina grafiki ndani yake. Inayo ile yenye herufi G mwishoni, 5600G. Kwa Intel mambo yamegeuka, herufi F ndiyo inayokunyima: i5-12400 inatoa picha yenyewe, i5-12400F haitoi. Kwa hiyo kwa prosesa yako, tundu la HDMI la madabodi lipo lipo tu.

studio_ya_katuba | Jumatatu, saa 3 na nusu

Hapo umenikamata. Ilikuwa kwenye madabodi. Nimehamisha kwenye kadi.

Bado "Aucun signal".

mwana_wa_birere

Basi kuna ugonjwa wa pili nyuma ya ule wa kwanza. Iache hapo kwenye kadi, usiirudishe juu.

fundi_kadutu | Bukavu | Jumatatu, saa 4 usiku

Natengeneza kompyuta huku Kadutu, na "haitoi picha" ndiyo kesi ninayoletewa kuliko zote. Watu wanaichukia ekra kwa sababu ndiyo inayosema. Maskini, inatoa ripoti tu kwamba hakuna kinachoifikia. Swali ni kama kompyuta inafanya kazi gizani au imekwama kabla hata ya kuanza. Hizo ni kesi mbili ambazo hazifanani kabisa, na wengi wanabadilisha vitu bila kujua wako kwenye ipi.

Chomeka kibodi yenye waya, washa, subiri dakika nzima, bonyeza Verr Num (Num Lock). Kama kataa ka kibodi kanawaka na kuzima kila ukibonyeza, mashine iko hai, tafuta kosa kwenye kadi, kable au ekra. Kama kataa hakajibu, imekwama mapema, na ekra haina hatia.

Ekra yenyewe ijaribu kwa dekodere ya televisheni. Chukua kable ileile, ncha moja kwenye dekodere, nyingine kwenye ekra yako. Ukiona mpira, kable na ekra zimeshinda kesi, tusizitaje tena.

Halafu angalia waya wa umeme wa prosesa. Uko kona ya juu kushoto ya bodi, pini 8, mara nyingi umegawanyika nne na nne. Usiuchanganye na ule wa kadi ya grafiki, ambao umegawanyika sita na mbili. Huo wa prosesa ukisahauliwa, feni zote zinazunguka vizuri na hakuna kinachofikiri. Nimeshalipwa mara nyingi kwa kuchomeka waya huo mmoja, na sioni aibu kusema.

RAM: ikiwa una matundu manne, vijiti viwili vinakaa kwenye tundu la pili na la nne, ukihesabu kutoka upande wa prosesa. Sukuma mpaka usikie "ta". Watu wanaogopa kwa sababu bodi inapinda kidogo. Acha ipinde. Kisha jaribu kijiti kimoja peke yake, halafu kingine.

Mwisho, toa bodi yote nje ya kasha, ilaze juu ya kartoni kavu, iwashe hapo kwa kugusanisha zile pini mbili za pawa kwa ncha ya bisibisi. Ndani ya kasha kuna vinguzo vidogo vya shaba ambavyo bodi inakalia. Kimoja kikibaki mahali ambapo bodi haina tundu la skrubu, kinagusa mgongo wake na kuleta shoti. Ikiwaka juu ya kartoni na ndani haiwaki, umempata mwizi.

mzee_wa_transista | Lubumbashi

Na pawa saplai iangaliwe nyuma. Za zamani na za bei nafuu zina kaswichi kekundu, 115 na 230. Huku kwetu ni 230. Ukikaweka 115 hutauliza mtandaoni, utasikia mlio.

kombo_pc | Goma | Jumanne, saa 1 asubuhi

RX 580 ya mkono wa pili? Hiyo imetoka mgodini, andika umeandikiwa na mimi. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum, ile pesa ya mtandaoni, iliacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki, na watu waliokuwa na kadi mia mia wakazimwaga sokoni. Nyingine zilibadilishwa BIOS zao (programu ndogo ya ndani inayoziamsha) ili zichimbe vizuri, na zikirudi kwenye kazi ya kawaida zinaleta matatizo. Angalia ubavuni mwa kadi kama kuna kaswichi kadogo. Aina nyingine za RX 580 zina BIOS mbili, ukisukuma kaswichi unapata ile ya kiwandani.

Tena shukuru yako ina matundu. Mimi niliuziwa NVIDIA P106-100 nikiambiwa ni "sawa na 1060". Nimefika nyumbani nageuza, haina tundu hata moja la ekra. Ilitengenezwa kwa uchimbaji tu.

studio_ya_katuba

Bwana, huku Katanga ukisema kitu kimetoka mgodini watu wanafikiria shaba na kobalti. Mama yangu amesikia nikisoma kwa sauti ameuliza nimenunua jiwe?

Jioni nitajaribu yote, mchana niko kazini.

chapchap243 | Jumanne, saa 6 mchana

Kadi ya mgodini dawa yake oveni. Toa feni, funga na karatasi ya aluminiamu, digrii 200, dakika nane. Rafiki yangu alifanya ikapona.

fundi_kadutu

Na baada ya wiki tatu ikafa tena, hilo hakukuambia. Ile joto inaamsha mguso uliopasuka kwa muda, haiuungi. Na moshi wake unabaki kwenye oveni ambayo kesho itapikiwa samaki wa watoto. Kijana ana kadi ambayo hata hajui kama ni mgonjwa. Tusiipike kabla ya kuipima.

studio_ya_katuba | Jumanne, saa 4 usiku

Ripoti, bakubwa.

Dekodere: picha safi, kable zote mbili nzima.

Kadi: nimeipeleka kwa jamaa wa siberi (nyumba ya intaneti) jirani, ameiweka kwenye mashine yake, imetoa picha mara moja, tukaacha video ikicheza nusu saa. Nzima. Kombo, mgodi wako hauna kosa hapa.

Waya wa prosesa: upo, umeingia mpaka mwisho. Bodi nje ya kasha, juu ya kartoni: yaleyale. RAM: bodi yangu ina matundu mawili tu, nimejaribu kijiti hiki, kile, tundu hili, lile. Nikazisugua na gome ya mwanafunzi ya kufutia penseli pia, maana vumbi jekundu la huku linaingia mpaka kwenye ndoto. Yaleyale.

Verr Num: haijibu. Kataa hakakuwaka hata mara moja.

Halafu umeme ukakatika nikalala.

fundi_kadutu

Vizuri sana, umefanya kazi ya mtu mzima. Verr Num imekufa, kadi na ekra ni nzima: imekwama mapema. Wamebaki wanne, prosesa, bodi, RAM na pawa. Bodi yako ina vitaa vidogo vya uchunguzi? Nyingine zina vinne pembeni, vimeandikwa CPU, DRAM, VGA, BOOT, na kinachobaki kinawaka ndicho kinachokuonyesha ilipokwama.

studio_ya_katuba

Haina. Ni ile ya bei ya chini.

mzee_wa_transista | Jumatano, saa 12 na nusu asubuhi

Mwanangu, zamani hatukuwa na vitaa, tulikuwa na masikio.

Nenda kwa jamaa wako wa siberi umuombe kompyuta yake mbovu ya zamani. Ndani kuna kaspika kadogo keusi, mviringo kama kifungo cha koti, chenye waya mbili. Kwenye bodi yako tafuta pini nne zilizoandikwa SPEAKER au SPK, kachomeke hapo. Sasa toa RAM zote mbili. Ndiyo, zote. Washa.

Prosesa ikiwa hai na imetambuliwa, kitu cha kwanza itakachotafuta ni kumbukumbu. Ikikosa italalamika: mlio mrefu, au milio kadhaa, inategemea mtengenezaji wa BIOS. Mlio huo ni habari njema, maana aliyekufa halalamiki. Ikikaa kimya bila RAM, basi prosesa haijaanza kazi kabisa. Hapo ni umeme wake, bodi yenyewe, prosesa yenyewe, au hawaelewani.

studio_ya_katuba | Jumatano, saa 8 mchana

Papa, nimetoroka kazini kwa ajili ya kaspika.

Kimya. Feni tu.

yaya_wa_ruashi | Lubumbashi | Jumatano, saa 9 alasiri

Nimesoma uzi wote tangu jana nikisubiri mtu aulize, naona hamulizi. Kadogo, boksi la madabodi unalo bado? Liangalie nje, kuna kibandiko chochote kinachosema "Ryzen 5000 Desktop Ready"?

studio_ya_katuba

Hakuna kibandiko, yaya. Kuna nembo ya Ryzen tu na vumbi kidogo kwenye kona.

yaya_wa_ruashi

Vumbi hilo ndilo ushahidi.

Bodi za B450 zilitoka mwaka 2018. Prosesa za Ryzen 5000 zilianza kutoka Novemba 2020, na hiyo 5600 yako isiyo na X ilitoka Aprili 2022. Soketi ni ileile, AM4, kwa hiyo inaingia bila shida na hakuna cha kukuonya. Lakini ndani ya bodi kuna BIOS, na BIOS ni kama santineli wa getini aliyeachiwa orodha ya wageni. Orodha yake iliandikwa 2018 au 2019. Mgeni wako anafika, amevaa vizuri, jina halimo. Santineli hapigi kelele wala kufukuza, anakaa tu. Ndiyo maana feni zinazunguka: umeme unaingia kiwanjani, ila mlango wa nyumba haufunguki.

Watengenezaji walianza kutoa BIOS mpya za bodi za familia ya 400, kama B450 yako, zinazokubali Ryzen 5000 mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021. Bodi yako ni "mpya" kwa maana haijatumika, muuzaji hakusema uongo. Imelala dukani tu kabla ya orodha mpya kuandikwa.

Sasa, bodi nyingine zina kitufe nyuma cha kubadilisha BIOS bila prosesa yoyote. Unaweka faili kwenye flashi, unabonyeza, unasubiri. Angalia nyuma ya yako.

studio_ya_katuba

Nyuma niko na USB, HDMI, VGA, tundu la mtandao na la sauti. Kitufe hakuna.

Kwa hiyo nimenunua nyumba na santineli wake, na lugha ya kuongea naye sina.

kombo_pc

Irudishe dukani! Wakuwekee BIOS mpya bure au wakurudishie franga. Usikubali.

studio_ya_katuba

Nimepita huko saa kumi. Wameniambia "bidhaa nzima hairudishwi", na kwamba hawana prosesa ya kujaribia. Sikugombana. Nina siku tatu, ugomvi nitauweka wiki ijayo.

yaya_wa_ruashi

Uko sahihi. Unachohitaji ni kuazima prosesa ya zamani ya AM4 kwa saa moja. Ryzen 3 2200G ingekuwa bora, ni ya Februari 2018, kila B450 inaijua tangu kiwandani, na ina grafiki ndani. Unaiweka, mashine inaamka, unabadilisha BIOS, unarudisha 5600 yako. Kuna mtu hapa mjini anayo?

jirani_wa_kamalondo | Lubumbashi | Jumatano, saa 12 jioni

Mimi ninayo. Iko kwenye kompyuta ya fotokopi yangu, inafanya kazi kila siku mpaka saa kumi na moja. Kesho baada ya kufunga, uje na vitu vyako, tutaitolea hapahapa dukani. Haitoki mlangoni, tusikosane baadaye. Nimekuandikia pembeni mahali nilipo.

fundi_kadutu

Mungu akubariki, jirani. Na nyote wawili mnisikilize, kwa sababu hapa ndipo watu wanaua prosesa ya mwenzao.

Prosesa za AM4 zina pini kwenye tumbo lake, 1331. Pate iliyoko kati ya prosesa na feni yake inashika kama gundi, hasa hiyo ya fotokopi ambayo imekaa miaka. Ukivuta feni moja kwa moja juu, prosesa inang'oka nayo kutoka kwenye soketi iliyofungwa, na pini zinapinda. Kwanza acha mashine ifanye kazi dakika kumi na tano ipate joto. Zima, toa umeme. Fungua skrubu nne kwa kupokezana. Halafu zungusha feni taratibu kushoto na kulia kama mtu anayefungua chupa ya asali iliyoganda, mpaka iachie yenyewe. Ndipo unainua. Ikigoma, zungusha tena, usivute.

Feni ya hiyo 2200G ikiwa ya skrubu, kile kibamba cha nyuma ya bodi kikikosa skrubu kinaanguka. Mmoja akishike kwa mkono.

Kapembetatu kadogo ka dhahabu kwenye prosesa kanakwenda kwenye kapembetatu kanakofanana kwenye soketi. Prosesa inaingia kwa uzito wake. Ukihisi unasukuma, simama.

Pate ya zamani futa kwa alikoli, weka mpya tone la ukubwa wa punje ya dengu.

mzee_wa_transista

Na umeme? BIOS ikikatika katikati ya kuandikwa, bodi inakuwa tofali. Huku delestaji, ile kukatwa umeme, haipigi hodi.

kombo_pc

Mimi ilinikuta. Asilimia sitini, giza. Bodi haikuwaka tena.

fundi_kadutu

Haijafa, kombo, ulimpelekea nani? Kuna kifaa kidogo, CH341A, kinashika chipu ya BIOS kwa kibanio na kuiandika upya kutoka kompyuta nyingine. Ila uangalie: chipu nyingine za bodi za AM4 ni za volti 1.8, na kifaa hicho peke yake kinatoa zaidi, lazima kiwekewe adapta yake. Nimeona fundi aliyeunguza chipu akisema bodi ndiyo mbovu. Kama bado unayo, itume kwa boti tu, nitaiangalia.

jirani_wa_kamalondo

Kwangu umeme si tatizo, fotokopi inakula kwenye betri na inveta, na betri zinajaa kwa sola. Tutatoa kabisa waya wa mjini ukutani.

yaya_wa_ruashi | Jumatano, saa 3 usiku

Kadogo, usiku huu tayarisha faili, kesho usiunguze mega ukiwa na haraka. Kwenye kona ya bodi, jina limeandikwa kamili, na bodi nyingine zina namba ya toleo, "REV 1.0" au nyingine. Chukua BIOS ya jina hilo na toleo hilohilo, kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, si kwa mtu. Soma maelezo yaliyo chini ya kila faili: bodi nyingine zinataka upitie toleo la katikati kwanza, ukiruka unajuta. Flashi iwe FAT32. Faili utalitoa kwenye zip kwanza, BIOS haisomi zip.

studio_ya_katuba | Ijumaa, saa 12 asubuhi

Bakubwa, nimeshinda macho, lakini nawaeleza kwa mpangilio.

Jana saa kumi na moja na nusu niko Kamalondo. Jirani ni mtu wa kweli, ameweka kitambaa cheupe mezani kama tunapasua mtu. Tumewasha fotokopi yake dakika kumi na tano, tukazima, tukafungua skrubu, tukazungusha. Iligoma mara mbili. Mara ya tatu ikaachia na sauti ndogo kama busu. 2200G ikabaki kwenye soketi. Jirani alipumua mpaka mke wake akatoka ndani kuangalia.

Tukaiweka kwenye bodi yangu. Kadi nikaitoa, HDMI nikaichomeka kwenye madabodi maana 2200G ina grafiki yake. Bonyeza. Sekunde kama ishirini tunaangaliana. Halafu nembo ya mtengenezaji ikajaa ekra nzima. Sijawahi kufurahia nembo namna ile. Yaya, nimeingia kwenye BIOS: tarehe yake ni 2019. Orodha ya santineli, kama ulivyosema.

Maelezo ya bodi yangu hayakudai toleo la katikati. Flashi ikasomeka, nikachagua faili, ikaniuliza nina hakika. Jirani akang'oa waya wa mjini ukutani, tukabaki kwenye betri. Ule mstari ulikwenda polepole kuliko foleni ya Kasumbalesa. Dakika nne hivi, hakuna aliyeongea. Ikafika mwisho, ikazima yenyewe, ikawaka. Tarehe mpya.

Tukatoa 2200G, tukairudisha kwake, fotokopi ikawaka, tukapima karatasi moja. Halafu 5600 yangu ikaingia, pate mpya, feni, RAM, kadi, waya zote mbili za umeme. Bonyeza.

Feni. Inazima yenyewe. Inawaka. Inazima. Inawaka.

"Aucun signal".

Nilikaa chini sakafuni. Saa tatu usiku, mke wa jirani ananiletea bukari na samaki, siwezi kumeza. Nikapanga vyote ndani ya kasha, nikapanda teksi. Nyumbani nimejaribu tena mpaka saa nane. Yaleyale. Nafikiri tumeua 5600 wakati wa kuitoa, ingawa pini zote naona zimesimama.

yaya_wa_ruashi

Kule kuzima na kuwaka yenyewe ni kawaida mara ya kwanza, inajipima RAM. Hiyo ni dalili nzuri, kabla haikuwa inafanya hivyo. Verr Num?

studio_ya_katuba

Subiri niangalie.

Yaya, INAJIBU. Kataa kanawaka na kuzima!

mwana_wa_birere | Ijumaa, saa 12 na dakika 10

Kable.

studio_ya_katuba

Kable nimeshaijaribu kwa dekodere, ni nzima.

mwana_wa_birere

Sikuuliza kama ni nzima. Jana na 2200G uliichomeka kwenye madabodi. Leo iko wapi?

studio_ya_katuba | Ijumaa, saa 12 na dakika 21

Msicheke.

kombo_pc

Hahahahahaha

fundi_kadutu

Nimecheka mpaka mteja ameuliza kuna nini. Haya, imetoa?

studio_ya_katuba

Imetoa. Imeandika kitu kirefu kwamba prosesa mpya imeonekana na fTPM, nibonyeze Y au N. Nimeogopa kugusa.

yaya_wa_ruashi

Bonyeza Y. Inafuta funguo za usalama za prosesa iliyotangulia. Mtu mwenye diski iliyofungwa kwa BitLocker ndiye angepaswa kufikiria kwanza, yako haina kitu. Ukishaingia kwenye BIOS, tafuta XMP uiwashe, la sivyo RAM zako zitatembea kwa mwendo wa chini kuliko ulizolipia.

studio_ya_katuba

Y. XMP. 3200. Windows inaingia sasa hivi. Harusi ni kesho, niko na usiku mzima wa kuweka programu. Aksanti sana bote, papa na kaspika kake, fundi, yaya. Na wewe wa Birere, ulinijibu siku ya kwanza na siku ya mwisho jibu lilelile.

mama_wa_himbi | Goma | Jumapili, saa 10 jioni

Samahani kuingilia. Mimi yangu ni mpya kabisa, Ryzen 7600 na RAM za DDR5, nayo giza. Hii ina grafiki ndani, nimehakikisha. Nimezima baada ya dakika moja.

fundi_kadutu

Mama, hapo usizime. Hizo za AM5 na DDR5 mara ya kwanza zinajifunza RAM, inaweza kuchukua dakika kadhaa na ekra nyeusi kabisa. Washa, kapike chai, urudi baada ya robo saa.

mama_wa_himbi | Jumapili, saa 10 na dakika 40

Chai imeiva, na picha ipo. Nilikuwa nimeshaizima mara sita.

studio_ya_katuba | Jumatatu, saa 2 usiku

Harusi imepigwa. Video ya urefu wa saa tatu, laptopu ya zamani ingelala nayo siku nzima. Hii imeitoa nikiwa bado nakula. Bibi harusi analia kwenye dakika ya kumi na mbili, inaonekana kila chozi.

Jirani, nimekupitishia soda na kuku mmoja kwa mtoto wa dada. Prosesa yako inaendeleaje?

jirani_wa_kamalondo

Kuku amefika, anaimba. Leo imetoa karatasi mia nne za wanafunzi bila kukwama. Pini 1331 sijazihesabu, lakini hakuna iliyolala.

mzee_wa_transista

Kale kaspika mmekarudisha siberi?

studio_ya_katuba

Kesho, papa.